Jedwali J: niandike matumizi kidogo nionekane mwangalifu, au niongeze?

Swali: Shikamoo mama. Ninaishi Marekani na watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 4, pamoja na mdogo wangu wa kike anayenichangia dola 400 za kodi ya nyumba. Ni mhudumu katika nyumba ya wazee, nalipwa kila baada ya wiki mbili, na mkononi napata 1,650. Madeni yamefika 27,400, mengi ya kadi za mkopo na bili ya hospitali, na nimeamua kufungua kesi ya kufilisika chini ya Sura ya 7, ile ya kuomba madeni yafutwe. Nimekwama kwenye Jedwali J, fomu ya matumizi ya nyumbani. Dada mmoja kanisani ananiambia niandike kidogo kidogo ili mahakama ione kwamba mimi si mfujaji. Mwenzangu kazini anasema niongeze kila kitu ili ionekane sibaki na hata senti. Nimejaribu hivi: kipato 3,575, kodi ya nyumba 1,050 (nimeshaitoa ile 400 ya mdogo wangu), umeme na gesi 150, simu na intaneti 120, chakula 400, malezi ya mtoto nikiwa kazini 260, mafuta ya gari 173, bima ya gari 145, mkopo wa gari 340, sadaka 100, kadi za mkopo 620, chama 200. Nabaki na 17. Mama yangu namtumia 200 kila mwezi lakini hiyo sijaiandika, naogopa wataniuliza kwa nini natuma pesa nje wakati nadaiwa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ya kujumlisha na kutoa iko sawa. Tatizo ni kwamba hiyo 17 imepatikana kwa kuweka vitu visivyotakiwa na kuacha vinavyotakiwa, na msimamizi wa kesi, yule anayeteuliwa kuikagua kesi yako, ataona hilo kabla hujamaliza kutaja jina lako.

Tazama anachofanya. Anachukua kalamu, anafuta kadi za mkopo 620, kwa sababu hilo ndilo deni unaloomba ufutiwe. Huwezi kuomba usilipe tena halafu ukaliorodhesha kama gharama ya kila mwezi. Kisha anafuta chama 200, kwa sababu hiyo ni akiba na si matumizi. Kilichobaki ni matumizi ya 2,738 dhidi ya kipato cha 3,575. Unabaki na 837 kila mwezi. Sasa anazidisha kwa miezi 36, muda wa mpango mfupi wa malipo chini ya Sura ya 13, ile ambayo mtu huwalipa wadai kidogo kidogo kutoka kwenye kipato chake, anapata 30,132. Madeni yako yote ni 27,400. Kwa maandishi yako mwenyewe, uliyoyatia saini kwa kiapo, umemwambia kwamba unaweza kuwalipa wadai wote na chenji ikabaki. Hapo ndipo ushauri wa dada wa kanisani ungekufikisha: kesi yako ya Sura ya 7 kupingwa, au kusukumwa kwenye Sura ya 13 kulipa pesa ambazo kwa kweli huna.

Huna kwa sababu umeishi mwezi mzima bila kuvaa, bila kufua, bila sabuni ya kuogea, bila daktari wa meno wa watoto, na gari lako halijabadilishwa oili tangu linunuliwe. Ndivyo fomu yako inavyosema.

Jedwali J, ambayo kwa namba rasmi ni Fomu 106J, haikuulizi unastahili kutumia kiasi gani. Haikuulizi pia mwezi uliopita ulijibana vipi wakati kadi zimejaa na watu wa madeni wanapiga simu. Inataka makadirio ya matumizi yako ya mwezi kama yalivyo na yatakavyoendelea. Watu wengi wanaokuja kwangu wameshazoea kujikaza kisabuni kiasi kwamba wanaandika matumizi ya mwezi wa dhiki: wamekula maharage wiki tatu, hawakununua dawa ya pumu, tairi limekwisha hawakulibadilisha. Halafu wanaiita hiyo bajeti. Mwezi wa namna hiyo hauwezi kurudiwa mara 12, na fomu inahusu mwezi unaorudika.

Njia ninayoiamini ni moja, nayo haina uchawi. Chukua taarifa za benki za miezi sita, zichapishe, kaa mezani na kalamu za rangi. Chakula rangi moja, gari nyingine, watoto nyingine. Usiandike namba yoyote kichwani kwanza, maana kichwa cha mtu mwenye madeni kina aibu ndani yake na aibu hupunguza. Ulichotoa kwa mashine ya pesa taslimu kiandikie pembeni kilikwenda wapi. Ukimaliza, jumlisha kila rangi na ugawe kwa 6.

Kwa vinavyolipwa kwa wiki, usizidishe kwa 4. Mwaka una wiki 52, si 48. Ukitumia 160 kwa wiki dukani, mwezi si 640. Ni 160 mara 52 gawanya kwa 12, yaani 693. Wewe kwenye mafuta ya gari ulifanya hivyo, nadhani, maana 173 ni 40 kwa wiki ikihesabiwa sawasawa. Na kwenye mshahara pia ulifanya vizuri: 1,650 mara 26 gawanya kwa 12 ni 3,575. Wengi huzidisha kwa 2 wakaandika 3,300. Hiyo tofauti ya 275 msimamizi wa kesi huiona kwa dakika moja kutoka kwenye karatasi za mshahara za siku 60, ambazo sheria inakutaka uziwasilishe, na kuanzia hapo kila namba yako nyingine inatazamwa kwa jicho la pembeni.

Vinavyolipwa mara moja kwa mwaka vigawe kwa 12. Hapa ndipo pesa nyingi za halali hupotea. Tairi mbili, oili mara kadhaa, breki: tuseme 720 kwa mwaka, basi ni 60 kwa mwezi, na huandikwa mstari mmoja na mafuta, mstari wa 12. Malipo ya mkopo wa gari hayaingii hapo, yana mstari wao, wa 17. Makoti ya baridi na viatu vya shule, tuseme 300 kwa mwaka, ni 25. Ongeza mashine ya kufulia ya sarafu kwenye jengo, 15 kwa wiki, ni 65. Mstari wa nguo na kufua una 90. Daktari wa meno na dawa ambazo bima hailipi, 60. Vitu vya usafi wa mwili na nywele, 50. Burudani, 30, ndiyo, upo mstari wake, wa 13, na mahakama haitarajii mtoto wa miaka 9 asiende popote mwaka mzima. Chakula nacho kimechanganywa na vitu vya nyumbani: karatasi za chooni, sabuni ya vyombo, mifuko ya taka, vyote ni mstari wa 7. Kwa watu wanne 400 haiaminiki, na hilo ndilo swali la kwanza ambalo ningetegemea uulizwe: "Bibi, mnakulaje?" Jibu la kwamba mnapata chakula cha msaada kanisani au mnatumia kadi ya msaada wa serikali linakubalika kabisa, lakini kadi hiyo nayo ina mahali pake, kwenye kipato, Jedwali I. Jibu la kukaa kimya halikubaliki.

Angalia pia usihesabu kitu mara mbili. Kilichokatwa kwenye mshahara kabla haujakufikia, kama kodi ya mapato, bima ya afya ya kazini au mchango wa uzeeni, kinaorodheshwa kwenye Jedwali I. Ukikirudisha tena kwenye J, umekitoa mara mbili. Wewe umeanza na pesa ya mkononi, kwa hiyo bima ya kazini usiitaje tena.

Sasa mdogo wako. Ulichofanya, kuandika sehemu yako tu ya kodi, kinaweza kutetewa, lakini mimi hupendelea njia nyingine: andika kodi nzima 1,450 kwenye mstari wa 4 wa J, kisha 400 yake iandike kwenye mstari wa 11 wa Jedwali I, ambao umewekwa mahususi kwa michango ya ndugu na watu mnaoishi nao. Matokeo ni yaleyale. Faida ni kwamba mkataba wa nyumba unasema 1,450, benki inaonyesha 1,450 ikitoka, na fomu inasema 1,450. Karatasi tatu zinazungumza lugha moja. Sehemu ya kwanza ya J inauliza pia kama matumizi yako yamejumuisha watu wasio wewe wala wategemezi wako. Kama mdogo wako anakula kwenye chakula hicho, ambacho kwa mfano wangu nakihesabu ile 693 badala ya 400 yako, jibu ndiyo. Watoto waandike kwa uhusiano na umri tu. Fomu yenyewe inakataza kutaja majina yao, kwa sababu makaratasi haya ni ya wazi na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Tuje kwa mama, maana naona hapo ndipo moyo wako ulipo.

Mwandike. Mstari wa 19 wa Jedwali J unauliza malipo unayotoa kuwasaidia watu wasioishi na wewe, na una nafasi ya kueleza ni nani. Mstari huo haukuwekwa kwa ajili ya wageni, umewekwa kwa ajili ya mtu yeyote mwenye mzazi. Sheria ya kufilisika ya Marekani, pale inapoeleza gharama zinazokubalika kwa wenye kipato kinachozidi kile cha kati cha jimbo lao, inataja waziwazi kuendelea kumtunza mzazi, babu, bibi, ndugu, mtoto au mjukuu aliye mzee, mgonjwa wa kudumu au mlemavu, asiyeweza kujilipia. Haikuandika kwamba lazima aishi Marekani. Lakini soma vizuri lile neno "kuendelea": inalinda unachokifanya tayari, haikupi ruhusa ya kuanza kutuma wiki mbili kabla ya kufungua kesi. Na inataka gharama iwe halisi, ya lazima na ya kiasi.

Kwa hiyo usiandike tu "nyumbani 200". Andika "matunzo ya mama mzazi", na umri wake, na kama ana sukari au presha useme. Kusanya risiti za kutuma; kampuni za kutuma pesa huhifadhi historia yote kwenye programu ya simu, ipakue. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi mbili: mama yangu ana umri huu, hana pensheni, hii ndiyo ya dawa na chakula, nimetuma tangu mwaka fulani. Nimesikia watu wakianza kueleza utamaduni wetu wa kutunza wazazi kwa dakika tano mbele ya msimamizi aliye na kesi nyingine kumi asubuhi hiyo. Haihitajiki. Anataka kujua kiasi, nani, tangu lini, na ushahidi uko wapi.

Kuna hatari upande wa pili, na ni kubwa zaidi ya swali unaloliogopa. Taarifa za benki zitaonyesha 200 ikitoka kila mwezi kwenda nje. Ukiwa hujaiandika popote, swali haliwi tena "kwa nini unamsaidia mama", linakuwa "nini kingine hukutuambia". Zaidi ya hayo, fomu nyingine, ile ya maelezo ya mambo yako ya fedha, inauliza kama katika miaka miwili iliyopita ulimpa mtu yeyote zawadi za jumla ya zaidi ya dola 600. Ya mama kwa miaka miwili ni 4,800. Kama ni matunzo au ni zawadi, mwache wakili aamue, lakini mwombe aitaje na huko pia. Kutaja mara mbili hakujamuumiza mtu.

Michango ya harusi na misiba ni habari tofauti. Hiyo huja kwa mafungu, mwezi huu 300, miezi miwili kimya. Usiigeuze kuwa mstari wa kila mwezi kwa kubuni wastani unaopendeza. Mimi huiacha nje ya J kama haina mtiririko unaoonekana benki.

Sadaka yako ya 100 ibaki, mstari wa 14. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda utoaji huu, na chini yake mahakama haitakiwi kutumia sadaka ya kweli kwa kanisa, msikiti au shirika la hisani kama sababu ya kusema unaitumia vibaya Sura ya 7. Kwa wanaolipa chini ya Sura ya 13, utoaji unaolindwa una kikomo cha asilimia 15 ya kipato ghafi cha mwaka. Wewe uko chini sana ya hapo. Mambo mawili tu. Kwanza, inalindwa sadaka inayokwenda kwa taasisi, si bahasha unayompa mchungaji mkononi kwa ajili ya mahitaji yake. Pili, ile fomu ya mambo ya fedha inauliza pia sadaka zinazozidi 600 kwa miaka miwili, na yako ni 2,400. Kanisa likupe barua ya jumla ya mwaka. Ukiandika 100 kwenye J na "hapana" kule, umejipinga mwenyewe.

Chama ndicho kilichonishtua. Umeweka 200 kila mwezi. Kama mko 12 na umeshalipa mara nane bila kupokea, una haki ya 1,600 ndani ya mzunguko huo. Hiyo ni mali, na inaorodheshwa kwenye Jedwali A/B, halafu wakili anatazama kama inaweza kukingwa kwenye Jedwali C, yaani isichukuliwe kulipa wadai, pamoja na vitu vyako vingine. Kwa kiasi hicho mara nyingi inakingika, ingawa viwango hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Kama ulishapokea zamu yako na bado unalipia wengine, basi kilichobaki ni deni, na wenzako wa chama ni wadai wako kama benki, waandikwe. Usiharakishe kuwamalizia kwa sababu ni watu wako. Malipo kwa wadai wa kawaida ndani ya siku 90 kabla ya kesi, na kwa ndugu ndani ya mwaka mzima, yakifika jumla ya dola 600 msimamizi anaweza kuyadai yarudishwe, na atakayeandikiwa barua ya kurudisha ni huyo ndugu.

Tukiweka yote pamoja kwa namba za mfano nilizotaja: kipato 3,575 na mchango wa mdogo wako 400, jumla 3,975. Matumizi, pamoja na kodi nzima, chakula 693, nguo, afya, usafi, matengenezo ya gari, burudani na mama, yanafika 3,921. Unabaki na 54. Ni karibu na ile 17 uliyoanza nayo, lakini hii kila dola yake unaweza kuionyesha. Mstari wa 23c ndio unaobeba jibu hilo, na wapo wasimamizi wanaouanza kuusoma huo kabla ya mwingine wowote.

Yule mwenzako wa kazini sasa. Kuongeza kuna ubaya ambao watu hawauoni. Ukiandika matumizi yanayozidi kipato kwa 900 kila mwezi, swali linalofuata ni hizo 900 zinatoka wapi. Kuna kazi ya pembeni hukuitaja? Kuna mtu anayekulipia? Kupungukiwa kidogo ni kawaida, mtu asiyepungukiwa angefanya nini mahakamani. Lakini shimo kubwa linanuka. Na wewe una gari la mkopo unalotaka kubaki nalo. Ukitia saini mkataba wa kuendelea na deni la gari wakati fomu zako zinaonyesha huna pesa ya kulilipa, sheria inachukulia kwamba mkataba huo utakuumiza, na jaji anaweza kuukataa. Kwa kuongeza chakula na burudani za uongo, unajikatia gari.

Tena haya si makaratasi ya kujaza ofisi ya shule. Unayatia saini kwa adhabu ya kiapo cha uongo, na tamko lenyewe limeandika faini ya hadi dola 250,000 au kifungo cha hadi miaka 20. Kwa mtu wa kawaida kinachotokea zaidi ni kunyimwa msamaha wa madeni: umelipa ada ya mahakama ya 338, umefilisika hadharani, na madeni yote bado unayo.

Jambo moja linalochanganya wengi: Jedwali J si kile kipimo cha kipato kilicholetwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2005. Kipimo hicho ni Fomu 122A-1, na kinatazama wastani wa kipato chako ghafi cha miezi sita kamili kabla ya mwezi wa kufungua kesi. Ukifungua Septemba, ni Machi hadi Agosti. Kama ulifanya ovataimu nyingi Machi, kusubiri mwezi mmoja kunaweza kubadilisha jibu. Wastani huo unalinganishwa na kipato cha kati cha familia ya ukubwa wako katika jimbo lako. Ukiwa chini, unaishia hapo. Ukiwa juu, unajaza 122A-2, na humo chakula na nguo huhesabiwa kwa viwango vya mamlaka ya kodi, IRS, si kwa risiti zako. Kama mdogo wako anahesabiwa kwenye ukubwa wa familia, mahakama hazikubaliani: nyingine huhesabu vichwa vilivyo ndani ya nyumba, nyingine huangalia nani anachanga fungu moja. Muulize wakili wa eneo lako. Lakini hata aliye chini ya kipato cha kati J yake inasomwa, kwa sababu jaji au ofisi ya serikali inayosimamia kesi hizi bado inaweza kusema kwamba ukitazama hali yote, unaweza kulipa.

Kabla ya kufungua kesi utapita kwenye ushauri wa madeni, ambao lazima uwe ndani ya siku 180 kabla, na huko nako watakuuliza bajeti. Usiwape namba za haraka za kichwani halafu J ikaja na nyingine.

Kikao na msimamizi hufanyika siku kati ya 21 na 40 baada ya kufungua kesi, siku hizi mara nyingi kwa video. Mara nyingi hakizidi dakika kumi. Ukiona Kiingereza cha kisheria kitakukwaza, mwambie wakili mapema aombe mkalimani wa Kiswahili. Hutolewa bure kwa simu. Usimtumie mwanao wa miaka 9, nimeona watu wakijaribu. Na kama hauna wakili, tafuta kituo cha msaada wa sheria kabla hujamlipa mtu wa mtaani anayejaza fomu. Mchapaji asiye wakili anaruhusiwa kuchapa ulichomwambia tu. Akianza kukushauri "hapa weka 900", ameshavunja sheria, na saini iliyo chini ni yako.

Umebakiwa na mstari wa 24, ambao watu huuruka. Unauliza kama unatarajia matumizi kupanda au kushuka ndani ya mwaka. Mwanao wa miaka 4 akianza shule, ile 260 ya malezi itapungua, labda ibaki ya saa za jioni tu, andika hivyo. Kama mkataba wa nyumba unaisha na mwenye nyumba ameshakutumia barua ya kupandisha kodi, andika na hilo, na barua uiweke kwenye faili. Ukigundua baada ya kuwasilisha kwamba umeacha kitu, mwambie wakili wako kabla ya kikao, kwa maana fomu inaweza kurekebishwa wakati wowote kesi ikiwa haijafungwa, na marekebisho yaliyotoka kwako hupokelewa tofauti kabisa na yale yaliyotolewa baada ya wewe kuulizwa.